Mkaguzi Amesusa Chakula

Duka la Dobi,
Chumba cha juu, dirisha la mbele.
Jumatano, tarehe 13, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U hali gani huko kwenye ujenzi wa bwawa? Mgongo vipi? Macho je? Mwezi uliopita uliniambia yanawasha ukimaliza zamu ya kuchomelea, ukalisema kama jambo la kupita tu, na mimi tangu siku hiyo sina raha nalo. Vaa ile miwani ya giza hata kama wenzako wanaona ni ushamba. Na unakula? Usinijibu kwa jumla jumla kama unavyomjibu mama kwenye simu. Niambie unakula nini, saa ngapi, na nani anapika.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Presha ya mama ilipimwa wiki mbili zilizopita ikaonekana imekaa sawa. Shemeji yako hajambo, bado anakoroma na bado anakana. Mpiga pasi wetu amepata mjukuu wa kike, kwa hiyo siku hizi tunapewa habari za kucha na nywele za mtoto huyo kuanzia tunapofungua mpaka tunapofunga. Mashine namba mbili ilivuja, ikatengenezwa. Kazi zipo, tunashukuru.

Najua umeshaona salamu zangu ni fupi mara hii na roho imeanza kukuruka. Tulia kwanza, hakuna mtu aliyekufa. Ni Mkaguzi. Mbwa wako amesusa chakula. Tangu Jumamosi asubuhi hajatia kitu mdomoni kwa hiari yake, na leo ni Jumatano.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori la saruji, yule mrefu tunayemfulia ovaroli. Ningekupigia simu, lakini kambini kwenu mtandao ni hadithi, na wewe unashuka mjini mwisho wa mwezi tu, yaani siku kumi na saba kutoka leo. Siwezi kusubiri siku kumi na saba. Dereva anaondoka kesho alfajiri, atafika kwenu Ijumaa jioni, Jumamosi adhuhuri anageuza, Jumapili jioni yuko hapa. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hajamaliza kushusha mifuko, maana kuna kitu nataka umpe. Nikikitaja sasa hivi utanicheka, kwa hiyo acha nieleze kwanza.

Ulipotuachia mbwa huyu miezi kumi na moja iliyopita, ulisimama pale kaunta ukatuambia ni mbwa mdogo, mpole, hana neno. Kitinda, ulitudanganya mchana kweupe. Mdogo ni mdogo kweli, hafiki gotini. Mpole pia ni mpole, hilo simnyimi. Lakini eti hana neno! Ana sauti tatu nilizozihesabu mwenyewe. Kuna ya kubweka, ambayo kila mbwa anayo. Kuna ya kulia kwa kuvuta, akiachwa peke yake hata dakika tano. Na kuna ile ya kuimba, kichwa juu, macho amefumba, akinusa kitu asichoweza kukifikia. Fundi saa wa mlango wa pili alituletea malalamiko ya maandishi mara mbili kwa sababu ya hiyo ya tatu. Alisema hasikii tena saa anazozitengeneza.

Jina la Mkaguzi tulimpa sisi, kwa kuwa lile ulilokuja nalo hakuwahi kuliitika. Kila furushi likitua kaunta, lazima lipite kwenye pua yake kabla sijalibandika namba. Anazunguka, masikio yanaburura sakafuni, anaingiza uso wote kwenye shuka za watu, kisha anapiga chafya na kuondoka, ndipo najua nimeruhusiwa kuendelea. Siku moja alikataa kabisa kuachana na koti la mwalimu wa hesabu. Tukapekua, tukakuta soseji kwenye mfuko wa ndani. Mwalimu alisema amehangaika na harufu hiyo wiki nzima akidhani ni ya wanafunzi.

Na tumbo lake unalijua. Amekula kipande cha sabuni akatoa mapovu mpaka mama akaanza kulia. Amekula soksi moja ya mteja, moja tu, ikabidi nimweleze mteja yule kwa sura ya kazi kwamba nyingine inatafutwa. Alijifunza kufungua friji, sasa mama anaifunga kwa mkanda wa suruali. Sikuwahi kumwona akikataa chakula, wala kukitafuna vizuri, wala kushiba. Nakuandikia haya ili uelewe ninachokwambia ninaposema amesusa.

Daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza ukoo wao. Anasema mbwa hawa wadogo wa masikio marefu walifugwa tangu zamani kwa kuwinda sungura, na waliwinda kwa makundi, wakikimbia pamoja, wakila pamoja na kulala wamelaliana. Ndiyo maana hawawezi upweke. Sauti ile kubwa ni ya kumwita mwindaji aliye mbali, na ncha nyeupe ya mkia ni ya kumwonyesha walipo nyasi zikiwa ndefu. Ukaidi nao si ujinga. Akishika harufu na wewe ukamwita, anakusikia vizuri kabisa, hata sikio moja hugeuka, kisha anajitia hamnazo. Kwake pua ndiyo bosi, sisi wengine ni wafanyakazi wenzake.

Na kila mtu kwake ni ndugu. Hilo sikuhitaji daktari kunieleza. Mwezi wa tatu tulivunjiwa dirisha la nyuma, tukaibiwa mazulia mawili ya mteja, na Mkaguzi alikuwemo ndani muda wote. Hakubweka hata mara moja. Asubuhi tulimkuta kifua mbele, ana nusu mkate ambao haukuwa wetu. Shemeji yako alisema tumpeleke akatoe ushahidi, maana inaonekana waliagana vizuri.

Unaona ninavyomzungumzia kwa mapenzi? Mimi ambaye nilisema mbwa huyo hataingia ndani. Lakini kazi kubwa aliifanya kwa mama. Daktari wake alimbembeleza miaka mitatu atembee kila siku kwa ajili ya presha, akajibu kwamba yeye ametembea vya kutosha tangu ujana. Mkaguzi hakumbembeleza. Alisimama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi na kuimba mpaka mama akavaa viatu. Tangu hapo wamekuwa kiguu na njia, asubuhi na jioni, mama akivutwa mbele, akiwagombeza wote wawili, mbwa na nguzo za umeme. Sasa tangu Jumamosi mama hajatoka nje.

Basi nikuungamie, maana kosa ni langu.

Kwenye ile karatasi ya maagizo uliyobandika ukutani kando ya ngazi, agizo la saba linasema fulana yako ya kijivu ikae kwenye kapu lake, isifuliwe. Ukapigia mstari. Sitasingizia kwamba sikuliona. Nimelisoma kila siku kwa miezi kumi na moja na kila siku limenikera. Unamwambiaje dobi asifue? Tena katika nyumba hii? Unakumbuka sheria ya marehemu baba, kwamba nguo chafu hailali chini ya paa letu. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga, alipita na kapu vyumba vyote, hata kitambaa cha kufutia meza hakikupona. Mimi nimerithi lile kapu na ule mwendo. Miezi kumi na moja nimekuwa nikipita hapo chini ya ngazi nimegeuza uso.

Ijumaa iliyopita mteja mmoja wa mapazia alisimama kaunta, akainua pua, akauliza kama kuna panya aliyefia ndani. Kwenye duka la dobi! Nilitamani ardhi inimeze. Mama na Mkaguzi walikuwa wametoka. Mteja alipoondoka tu, nikainama chini ya ngazi nikaitoa ile fulana. Nikajiambia mbwa anachotaka ni kitambaa, nami nitamrudishia kitambaa kile kile kikiwa safi, kila mtu afurahi. Nikailoweka. Nikaipitisha mashine namba tatu kwa maji ya moto, si mara moja, mara mbili, nikatia na dawa ya kulainisha yenye harufu ya maua. Nikaipiga pasi mwenyewe, sikumwachia mpiga pasi. Kitinda, ilitoka nzuri. Hata lile doa la grisi begani lililowashinda wote lilitoka, nami nikajisifu.

Waliporudi, Mkaguzi alikwenda kapuni moja kwa moja. Akanusa. Akaitoa fulana kwa meno, akaikung'uta, akaiweka chini, akainusa upande wa pili. Kisha akaniangalia. Halafu akashusha pua sakafuni akaanza kazi aliyozaliwa nayo. Kutoka ngazini mpaka kwenye beseni la kulowekea, kutoka beseni mpaka mashine namba tatu. Hapo njia ikaisha, akakaa.

Yuko hapo mpaka leo. Amelala mbele ya mlango wa mashine, pua imegusa kioo. Jumamosi na Jumatatu tulipoiwasha alisimama akatazama nguo za watu zikizunguka, na zilipotolewa alizikagua moja moja, soksi, foronya, kila kitu, kisha akarudi kulala. Nadhani anaamini tulikutia wewe humo ndani, na anangoja utoke. Jana nimeizima kabisa. Mpiga pasi ananuna kwa sababu kazi zinarundikana, lakini siwezi kumwona yule mbwa akisimama tena.

Mama aliponiuliza kumetokea nini, nilimjibu sijui. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita nimemdanganya mama yangu kwa sababu ya fulana. Akaenda akaisoma karatasi ukutani. Akaichukua fulana, akaitia puani, akakaa nayo hivyo kidogo. Akaikunja vizuri, akaniwekea juu ya kaunta kama ninavyowawekea wateja. Tangu hapo nikimwamkia shikamoo ananijibu marahaba, na chai ananimiminia, lakini maneno mengine hana nami. Ningependa anigombeze. Kugombezwa nimezoea, kunyamaziwa sijakuzoea.

Tumejaribu kila kitu. Nyama ya kusaga, ini, mayai, maziwa ya moto. Mpiga pasi alileta supu ya kuku kutoka kwao, iliyopikiwa mama wa yule mjukuu. Shemeji yako alipiga magoti sakafuni, akainamia bakuli, akajifanya anakula kwa raha mpaka akalamba midomo. Mkaguzi alimtazama kwa huruma akafumba macho. Kinachoingia ni maji kidogo na kijiko cha supu ambacho mama humtilia pembeni ya mdomo, na nusu yake humwagika.

Hata kuimba ameacha. Sauti zote tatu zimekwisha. Jana asubuhi fundi saa alikuja, nikavaa sura ya vita nikidhani ana barua ya tatu. Alikuja kuuliza kama mbwa amehamishwa. Anasema kimya kimekuwa kingi mno, hawezi kufanya kazi. Nilipomwonyesha alipolala, alivua miwani yake, akachuchumaa hapo karibu naye muda mrefu, akasahau duka lake liko wazi.

Daktari wa mifugo alikuja jana mchana. Alimpima damu, masikio, tumbo, meno. Hana homa, hana minyoo, hana sumu. Alikuwa na kilo kumi na tatu, sasa anazo kumi na moja na kidogo, na daktari anasema kwa mwili kama ule hizo si kilo za kupoteza kwa siku chache. Ametupa mpaka Jumatatu asubuhi. Ikifika Jumatatu hajala, atamchukua akamtundikie dripu na kumpitishia chakula kwa mpira, na hata hapo hakuniahidi kitu. Aliniambia waziwazi kwamba mbwa wa ukoo huu akiamua amepotelewa na wenzake, wapo wanaojiachia mpaka kufa. Nilimwuliza dawa yake ni nini. Akauliza mwenyewe yuko wapi, nikamwambia. Akauliza kama kuna chochote ndani ya nyumba hii ambacho mwenyewe amekivaa na hakijafuliwa.

Kitinda, nimepekua nyumba nzima. Nimefungua begi lako la chini ya kitanda, kila kitu kimefuliwa na kukunjwa. Kofia yako ya pamba, imefuliwa. Shuka zako nilizifua siku ile ile uliyoondoka, kabla basi lako halijatoka stendi. Taulo, glavu, hata mkanda wa saa niliusugua. Nimetafuta harufu yako chini ya paa hili kuanzia jana mchana mpaka leo na sikuipata mahali popote. Nilikaa kitandani kwako nikashika tama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani kuona nguo chafu.

Basi hili ndilo ombi langu, cheka kama unataka. Mpe dereva fulana yako. Isiwe ya kazini, hiyo itakuja na moshi wa kuchomelea tu na mbwa hatakuona ndani yake. Nataka ile unayolalia, ya siku nyingi, yenye jasho la shingoni na kwapani. Usiioshe. Usiisuuze. Usiianike juani hata kidogo, na usiipulizie chochote ili nisikuone mchafu, nimeshakuona mchafu tangu ulipozaliwa. Kama unalala kifua wazi kwa ajili ya joto, basi ukipata tu barua hii vaa fulana, lala nayo Ijumaa usiku, cheza nayo mpira Jumamosi asubuhi, umvulie dereva hapo hapo akiwasha gari. Itie kwenye mfuko wa nailoni, ukamue hewa, ufunge mdomo mara mbili. Mwambie asiichanganye na mifuko ya saruji wala asiiweke karibu na dizeli. Nimeshamwambia mimi, lakini mwambie na wewe.

Na uandike mstari mmoja wa majibu hata nyuma ya risiti. Una tabia ya kutuma kitu bila neno.

Kuna jambo la mkataba wako pia. Ulipoondoka ulisema miezi sita. Ikawa tisa. Sasa tuko wa kumi na moja, na mwezi uliopita nilisikia kwa mbali, mama akiwa na simu sikioni, maneno ya awamu ya pili. Mama amenikataza kukuuliza utarudi lini, kwa hiyo sikuulizi. Nimekwambia tu kwamba nimekatazwa.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini kwa sababu mama alikuwa amepanda ngazi, naye siku hizi hapandi ngazi bila sababu. Alisimama mlangoni akauliza namwandikia nani. Nikaona hapa nijikaze kisabuni. Nikamwambia ni wewe, nikamsomea yote tangu mwanzo, pamoja na pale niliposema nilimdanganya. Nilisoma bila kuinua macho. Alikuja akakaa kitandani kwangu. Nilipomaliza, uongo wangu aliuruka.

"Umemwomba ngapi?" akaniuliza.

"Moja, mama."

"Andika mbili."

Nikamweleza kwamba mbwa ni mmoja na kapu ni dogo, moja inamtosha. Nikasema kama anataka ya akiba, hii nikiipata sitaigusa tena, naapa.

"Nimesema mbili. Hiyo ya pili si ya mbwa."

Sikuelewa, Kitinda, nami ndiye mkubwa wenu. Mama akawa anaunyoosha mfarishi wangu kwa kiganja, mahali palipokuwa pamenyooka tayari. Akasema, "Nguo za baba yenu nilizifua zote siku ile ile, kabla watu hawajaanza kuja. Nikapiga pasi mpaka vitambaa vyake vya mfukoni. Wiki iliyofuata nikafungua kabati, nikaingiza uso, nikakuta sabuni tu."

Kisha akainuka akasema anakwenda kumpa Mkaguzi kijiko chake.

Basi ni mbili. Zote mbili ulizozilalia, kila moja na mfuko wake, na ya mama uivae siku nyingi zaidi kama unazo. Nimeshaandika namba za kubandika, na chini ya namba nimeandika kwa wino mwekundu kwamba hazifuliwi. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na sijawahi kuandika hivyo kwenye nguo ya mtu.

Shemeji yako anakusalimu na anasema magoti bado yanamuuma. Mpiga pasi anakusalimu, yeye na mjukuu. Fundi saa anakusalimu pia, amepita sasa hivi kuuliza kama kuna mabadiliko, nikamwambia bado. Mama hajatuma salamu, amesema utazikuta kwenye barua yenyewe.

Mungu akukinge na cheche na akuhifadhie hayo macho, akupe usingizi wa kutosha na jasho la kutosha kabla ya Jumamosi adhuhuri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyefua nilichokatazwa.